Hesabu Pumzi kwa Dakika Nzima: Ushauri kwa Wanaoanza Kuwahudumia Wagonjwa wa Nimonia Wodini

Katika wodi nyingi nilizopitia, ukisoma safu ya upumuaji kwenye chati utakuta namba 20 imeandikwa kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine, asubuhi, jioni na usiku, kana kwamba wodi nzima inavuta pumzi kwa pamoja. Namba hiyo nimewahi kuiandika mimi mwenyewe, nikiwa muuguzi mgeni katika zamu ya usiku, kwa mzee wa miaka 70 aliyelazwa kwa nimonia, kwa sababu alikuwa amelala kimya na vitanda vilivyobaki vilikuwa vingi. Asubuhi daktari wa raundi alisimama kando ya kitanda, akatazama saa yake, akahesabu kwa dakika nzima na kupata 36. Mzee alifariki siku ya pili. Chati niliyoijaza haikumwonyesha mtu yeyote kwamba usiku ule hali yake ilikuwa inageuka, na hiyo ndiyo sababu ya kuwaandikia ninyi mnaoanza.

Nimonia hujaza vifuko vya hewa vya mapafu maji na usaha, damu ikapita bila kuchukua oksijeni ya kutosha, na mapafu yenyewe yakawa magumu kutanuka. Mgonjwa hufidia kwa kuvuta pumzi fupi za haraka, na mara nyingi kasi hiyo huanza kupanda wakati shinikizo la damu bado linaridhisha. Kwa hiyo hesabu ya pumzi imo karibu katika kila kipimo kinachotumika kukadiria nani atapona na nani yumo hatarini. Kipimo cha CURB-65, kilichochapishwa mwaka 2003 kutokana na wagonjwa wa Uingereza, New Zealand na Uholanzi, hutoa alama moja kwa kila mojawapo ya mambo matano: kuchanganyikiwa, urea (taka inayochujwa na figo) inayozidi 7 mmol/L katika damu, pumzi 30 au zaidi kwa dakika, shinikizo la damu ambalo namba yake ya juu iko chini ya 90 au ya chini haizidi 60, na umri wa miaka 65 au zaidi. Katika utafiti huo, waliopata alama 0 au 1 walifariki chini ya 2 kwa kila 100, wenye alama 2 takriban 9, na wenye alama 3 kwenda juu takriban 22. Pale ambapo majibu ya urea huchelewa, huachwa nje na kipimo huitwa CRB-65, ambacho alama 3 au 4 humweka mgonjwa katika kundi la hatari kubwa.

Sasa mrudieni yule mzee. Umri ulimpa alama moja, na shinikizo lake la 104/58 likampa ya pili. Kwa 20 yangu alibaki na alama 2, lakini kwa 36 ya daktari alikuwa na 3. Alihama kundi kwa dakika moja ya kutazama kifua.

Wengi hufundishana kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, na ninawasihi muiache desturi hiyo kwa mgonjwa wa nimonia. Pumzi 7 zikizidishwa hutoa 28, na pumzi 8 hutoa 32, kwa hiyo mpaka wenyewe wa 30 hauwezi kuandikwa kamwe, na kukosea pumzi moja tu kunamvusha mgonjwa mpaka huo au kumrudisha nyuma yake. Isitoshe, mgonjwa mahututi hapumui kwa mwendo ulio sawa, na dakika nzima peke yake ndiyo inayokuonyesha vituo na mbio zake.

Namna ya kuhesabu nayo ina adabu yake. Mtu akijua kwamba unahesabu pumzi zake huanza kuzitawala. Msalimie kwanza, "Shikamoo bibi," na usikilize vizuri jibu, kwa maana bibi anayelazimika kukata "marahaba" katikati ili avute hewa amekwisha kukueleza jambo kubwa. Kisha mwombe mkono kama unayepima mapigo, uuweke juu ya tumbo lake huku vidole vyako vikiwa bado kwenye kifundo, subiri atulie, halafu hesabu kila mara mkono unapoinuka. Tazama pia kama misuli ya shingo inavuta na kama mabawa ya pua yanatanuka, na uyaandike hayo kando ya namba.

Namba moja haitoshi. Mgonjwa aliyetoka 34 kwenda 28 hadi 24 yuko katika njia tofauti kabisa na aliyetoka 22 kwenda 28, ingawa wote wawili waliwahi kuandikiwa 28. Lililo gumu zaidi ni mgonjwa aliyekuwa na 38 akashuka ghafla hadi 14 huku akisinzia na oksijeni yake ikipungua. Huyo amechoka, hajapona, na anahitaji daktari wakati huo huo bila kungoja raundi.

Kwa walio kwenye oksijeni ya mkondo mkubwa kupitia puani, kuna kipimo cha ROX kilichoelezwa mwaka 2016. Chukua asilimia ya oksijeni inayoonyeshwa na kifaa cha kidoleni, igawanye kwa sehemu ya oksijeni katika hewa anayovuta, kisha gawanya jibu kwa pumzi za dakika. Mwenye 92, anayevuta hewa yenye oksijeni ya 0.6, akiwa na pumzi 32, hupata takriban 4.79. Kufikia 4.88 au zaidi baada ya saa 2, 6 au 12 huashiria kwamba hatari ya kuhitaji mashine ya kupumulia ni ndogo, na huyu hajafika. Andika 20 ya kubuni mahali pa 32, jibu litakuwa 7.67, na utamwacha mtu wa hatari ukiamini yuko salama.

Kifaa cha kidoleni nacho kina kasoro zake. Mkono wa baridi, rangi ya kucha na hina nyeusi vinaweza kukipotosha, na utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulikuwa karibu mara 3 zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Kikisoma 93 na pumzi ni 34, mimi huziamini pumzi. Daima andika kama alikuwa kwenye oksijeni wakati wa kupimwa, kwa sababu 95 ya hewa ya kawaida na 95 ya oksijeni ya lita 10 kwa dakika si hali moja.

Kwetu kuna jambo jingine: wagonjwa wetu wengi hawajafika miaka 65, na wengine wanaishi na VVU, hivyo alama ya umri inawapita. Kipimo cha UVA cha mwaka 2017, cha kukadiria hatari ya kifo, kilichotokana na wagonjwa waliolazwa katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, hakihesabu umri. Hutoa alama 1 kwa pumzi 30 au zaidi, 2 kwa oksijeni chini ya asilimia 92, 2 kwa VVU na 4 kwa fahamu zilizopungua, pamoja na alama za joto la chini ya 36, mapigo na shinikizo. Naona kinawafaa wagonjwa wetu zaidi.

Mtakaotumia mafaili ya wagonjwa hawa kwa utafiti, hifadhini namba yenyewe na saa yake, msiigeuze mapema kuwa "chini ya 30" au "juu ya 30", na palipo wazi paacheni wazi. Fuatilieni pia walioombewa ruhusa na ndugu zao wakiwa mahututi, kwani faili huwahesabu kuwa wametoka hai, na simu moja baada ya siku 30 hubadilisha matokeo hayo. Na kabla ya kumruhusu yeyote kwenda nyumbani, keti kando yake uhesabu tena: pumzi zikizidi 24, abaki.