Unapoanza na viola, usiogope kuchuma

Ukitaka viola yenye harufu, ule mmea mdogo wa maua ya zambarau uitwao kitaalamu Viola odorata, anza na miche. Mimi nilianza na mbegu, nikazifukia kwenye udongo wa vuguvugu, nikamwagilia asubuhi na jioni, isiote hata moja. Mbegu hizi hutaka baridi kwanza: zichanganye na mchanga wenye unyevu, ziweke kwenye friji miezi miwili hivi, ndipo uzisie. Mche ni rahisi zaidi. Upe kivuli chepesi chini ya miti inayopukutisha majani, wala usiyafagie majani hayo. Ukishika, hurusha vitawi vinavyotambaa na kutoa mizizi kama stroberi.

Kosa langu kubwa lilikuwa huruma. Nilidhani kila ua ninalochuma ni mbegu niliyoipoteza. Kumbe maua ya zambarau ya majira ya machipuko hutoa mbegu chache tu. Nyingi hutoka kwenye maua mengine ya baadaye, madogo, yaliyojificha chini ya majani. Hayafunguki kamwe na hujichavusha yenyewe. Halafu sisimizi huzibeba mbegu kwa sababu ya kinofu chenye mafuta kilichogandamana nazo. Ndiyo maana utaiona viola imeota usikoipanda.

Kwa hiyo chuma. Toa vikonyo vya kijani, mimina maji ya moto juu ya petali kwenye bakuli la kioo, acha usiku kucha, chuja, kisha yeyusha sukari polepole upate shira ya samawati. Matone machache ya limau huigeuza rangi ya waridi. (Mwaka 1664 mwanasayansi Robert Boyle alieleza jinsi shira hii inavyokuwa nyekundu ikikutana na asidi na kijani ikikutana na alkali.) Mimi nilikamua limau zima, ule usamawati wote ukaniaga.

Majani machanga huliwa kwenye saladi, na ute wake huufanya mchuzi uwe mzito. Waganga wa mitishamba wa Ulaya wameyatumia tangu zamani kwa kikohozi. Nami huyanywa kama chai koo likikwaruza, lakini kikohozi kisichoisha ni cha kupeleka hospitali. Mizizi na mbegu usile, zinatapisha. Ile inayoitwa viola ya Afrika, ya kwenye vyungu vya dirishani, ni ya ukoo mwingine kabisa, isiingie jikoni. Na msituni, kama mmea hauna ua, yaache majani yake hapo hapo: yako mengine yenye umbo la moyo, na baadhi yana sumu.