Sanseveria mu salo na kambwa mu nyumba: tuogope nini?

Karibu kila salo ya hapa Bukavu iko na sanseveria mu kona, ile yenye majani marefu ya kusimama sawa panga na mustari wa njano pembeni. Batu banaipenda juu inavumilia giza, na ukisahau kuipa maji wiki mingi haina neno. Sasa vile batu wengi bameanza kulea kambwa ndani ya nyumba, si tena ile ya kufunga ku lupango na kutupia ugali ya jana, swali ni moja tu: ikitafuna lile jani, itakufa?

Mara mingi haikufe. Itatoka mate, itatapika, pengine itahara, kisha inapita. Mu majani muko kitu inaitwa saponini, njo inavuruga tumbo, na tena iko chungu kwa hiyo mbwa wengi banaacha mbele ya kumaliza jani. Kambwa ka yaya wangu kalikula kipande kizuri, asubuhi yote ni povu na matapishi mu koridori, tukakapa maji kidogo kidogo, jioni kakaomba chakula. Sasa, kama ni katoto ka miezi miwili kanatapika na kuhara bila kuacha, usingoje jioni, maji inaisha mu mwili haraka, ita vetrineri.

Mi yenye sipendi mu salo ni difenbakia, ile ya majani mapana yenye madoa meupe. Ile iko na bintu sawa sindano ndogo sana za oksalati ya kalsiamu, mbwa ikiuma tu zinachoma ulimi na koo palepale, utaona inajikwaruza mudomo na mukono, mate inatiririka, pengine ulimi unavimba. Pale osha mudomo na maji safi, umupe maziwa kidogo ao mashanza, juu inasaidia kupoza mudomo, na uangalie pumzi yake. Ikianza kupumua kwa nguvu ni kukimbia kwa dokta wa nyama. Na batoto ya batu pia, wee mama, ile difenbakia uipandishe juu ya kabati ao umupe jirani mwenye hana mutoto wala mbwa.

Lakini mi naona tunahangaika na salo wakati hatari yenyewe iko inje, mu lupango. Loriye roze yenye tunapanda ku mulango juu ya maua yake mizuri, sumu yake inavuruga moyo, jani mbichi ao kavu ni sawasawa, na kama ulikata matawi usiyaache chini mbwa ichezee. Mbegu za mbarika, zikitafunwa, ni sumu kali. Ile fensi ya miti yenye kutoka maziwa meupe ukikata, ikiingia mu macho ya mbwa (ao yako) ni balaa. Na sikasi! Batu banaiita palmiye, kumbe si palmiye. Mbegu zake njo mbaya kupita yote, inaharibu maini, na kibaya ni kwamba mbwa inaweza kutapika leo, kesho unasema imepona, kisha siku ya pili ao ya tatu macho inageuka njano. Namna ya kuijua: shina moja nene lenye magamba, majani magumu yenye kuchoma vidole, yote inatokea juu pamoja. Areka, ile palmiye ya kweli yenye vishina vingi vyembamba na majani laini, ile haina shida, weka ata mu chumba ya kulala.

Mimea ingine yenye haina shida: fujere ile ya kuninginia, na klorofitumu, ya majani membamba yenye mustari mweupe inashusha batoto yake chini. Paka na mbwa watoto bataitafuna, sawa, pengine batatapika kidogo juu ya kula majani mingi, si juu ya sumu.

Halafu ile desturi ya kumimina mafuta ya mawese mu koo ya mbwa imekula kitu mbaya, ao maji ya chumvi ili itapike, tafazali tuache. Mafuta inaweza kuingia mu mapafu, chumvi mingi yenyewe ni sumu. Maziwa nayo inasaidia kwa difenbakia, si dawa ya kila sumu, kwa loriye roze haifanye kitu.

Kambwa kanatafuna sana wakati meno inabadilika, tuseme miezi mitatu mpaka saba. Mupe mufupa mukubwa wa ng'ombe mubichi, usipike juu uliopikwa unapasuka, na pandisha mapo ya maua juu mpaka meno ikomae. Ukienda kwa vetrineri beba jani lenyewe mu sasheti, ata kipande kenye kalitoka mu matapishi, na umuambie saa yenye ilikula na kilo zake. Wakikuuliza jina na hulijui, piga foto ya muti muzima, si jani moja tu, juu majani ya mimea mingi yanafanana.