Kabla ya kutafuta wakala, mfundishe mita 30 za kwanza

Tangu Julien Alfred ashinde mbio za mita 100 za Olimpiki kule Paris mwaka 2024, wazazi na walimu wa michezo wanaandika jambo moja: nina binti wa miaka 14, ana mbio za ajabu, nimpeleke wapi apate wakala? Wakala asubiri. Tazameni kwanza Alfred mwenyewe alipitia wapi.

Alizaliwa Saint Lucia, kisiwa kidogo cha Karibi, Juni 2001. Shuleni alikimbia pekupeku, na sare mwilini. Baba yake alifariki Alfred akiwa na miaka 12, naye akaacha riadha kwa muda. Akiwa na miaka 14 alihamia Jamaika. Mwaka 2018 alipata medali ya fedha ya mita 100 katika Olimpiki ya Vijana, Buenos Aires, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Texas kwa kocha Edrick Floreal.

Hapo wengi huruka hadi Paris, na kumbe kazi yote imo katikati. Mwaka 2022, kwenye nusu fainali ya mashindano ya dunia Eugene, aliondoka kabla ya mlio wa bastola akatolewa. Mwaka 2023, Budapest, alimaliza wa tano. Machi 2024 alitwaa ubingwa wa dunia wa ndani ya ukumbi, mita 60, kwa sekunde 6.98. Agosti, mvua ikinyesha, akakimbia mita 100 kwa 10.72 na kuipa nchi yake medali ya kwanza ya Olimpiki. Alimaliza chuo lakini hakumwacha Floreal, na hilo naliheshimu kuliko yote.

Ubingwa wa mita 60 ulitangulia ule wa mita 100. Basi anzeni kwenye vibao vya kuondokea, vile mkimbiaji anavyokanyagia nyuma ya mstari ili ajisukume. Kibao cha mbele kikae nyayo mbili kutoka mstarini, cha nyuma nyayo tatu, zipimwe kwa nyayo za mkimbiaji mwenyewe. Msukume kidogo mgongoni bila kumwonya: mguu anaotanguliza ili asianguke mara nyingi ndio wa kukaa nyuma. Akiitwa tayari, nyonga zipande juu kidogo ya mabega, goti la mbele liwe karibu nyuzi 90, la nyuma 120 hadi 130. Nyonga zikipanda mno, uzito wote huangukia mikononi naye hujikwaa hatua ya pili. Zikibaki chini, husimama wima mapema na kupoteza msukumo.

Kuhusu mlio: anayeitikia chini ya sekunde 0.100 amehesabiwa kuwahi, na tangu 2010 hakuna onyo, kosa la kwanza ni nje. Kwa hiyo mazoezini badilisha muda wa kumshikilia, sekunde moja, tatu, mbili, na mara nyingine mwambie ainuke bila mlio wowote. Asizoee kubahatisha.

Kwa siku moja, mita 30 mara sita zinatosha, mapumziko dakika tatu kila mara, yaani dakika moja kwa kila mita 10. Makocha wengi hukata mapumziko wakidhani wanamkomaza. Wanamfundisha kukimbia polepole akiwa amechoka. Akianza na sekunde 4.50 na sasa anapiga 4.65, funga mazoezi. Kisha saa 48 kabla ya kukimbia tena kwa kasi yote.

Msuli wa nyuma ya paja huchanika zaidi pale mguu unaponyooka mbele, kabla haujagusa ardhi. Uimarishe hivi: apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu, ajishushe mbele taratibu kadiri awezavyo. Mara nne, seti mbili, siku mbili kwa wiki, kamwe si siku ya kuamkia mashindano, maana mwanzoni maumivu ni makali.

Mwisho, saa. Juni 2023, Austin, Alfred alikimbia 10.72 hiyohiyo, lakini upepo wa nyuma ulizidi mita 2.0 kwa sekunde, haikuingia kwenye rekodi. Na nyie mnaopima kwa mkono, kwa kuwa kidole huchelewa kubonyeza saa, ongezeni sekunde 0.24 kabla ya kumlinganisha kijana na yeyote. Aliyepimwa 11.9 mwandikieni 12.14, na mwelezeni sababu siku hiyohiyo.