Kwa nini tunang'ang'ania picha za kutisha za kwenye kanda

Ndugu aliyeuliza kwa nini watu wa rika letu bado tunatafuta kanda za mashetani ilhali picha hizo ziko mtandaoni zikiwa safi, jibu langu ni kwamba usafi huo ndio unaoziharibu. Nasema hivi kwa sababu nimekulia Kibokoni, Mombasa, na deki ya video ilikuwa sebuleni kwa ami.

VHS, yaani zile kanda za video za zamani, haikuwa na picha kali. Rangi ndiyo ilikuwa dhaifu zaidi: nyekundu ilivuja nje ya mipaka yake. Tena tulizokodi zilikuwa nakala za nakala, na kila kunakili kulikula kitu. Purana Mandir, picha ya Kihindi ya kina Ramsay, wale ndugu watengeneza filamu (1984), tuliiona hivyo. Zimwi Saamri lilikuwa pandikizi tu gizani, mengine tukayajaza wenyewe. Juzi nimeiangalia safi, nikaona vipodozi.

Halafu kuna chenga, ile michirizi na madoa meupe yanayorukaruka kwenye kioo. Kila aliyekodi kanda aliisimamisha pale pale shetani anapotokea, au akairudisha aone tena. Ukisimamisha, vichwa vya deki huendelea kuzunguka na kusugua utepe mahali pamoja, basi sehemu hiyo huchakaa kuliko zote. Chenga zilipoanza kupanda kutoka chini ya kioo, hata asiyewahi kuiona picha alijua shetani anakuja. Binamu zangu walishajifunika leso kabla muziki haujabadilika. Raha hiyo hakuna aliyeitunga, iliachwa pale na waliokodi kabla yetu.

Mwongozaji Hideo Nakata aliligusa jambo hili katika picha ya Kijapani Ringu (1998): laana imo ndani ya kanda, na anayeinakili na kumwonyesha mwenzake ndiye anayepona. Kwa sisi tuliozoea kuunganisha deki mbili usiku, hilo liliingia moja kwa moja.

Kama bado una kanda zako, chungulia kwanza kwenye kidirisha cha kanda. Unyevu wa Mombasa huleta ukungu mweupe kwenye ukingo wa utepe, na kanda ya namna hiyo ukiitia kwenye deki itachafua vichwa, kisha uchafu uhamie kwenye kanda nyingine. Deki usiihatarishe, maana kampuni ya Funai, mtengenezaji wa mwisho wa deki, iliacha kuziunda Julai 2016. Peleka kanda zikahamishiwe kwenye kompyuta mapema, na umsisitizie fundi asizifute chenga.