Maswali ya Wasomaji: Pesa ya mafuriko, kwa nini wapime mto kwanza?

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Niko Kasese, huku magharibi mwa Uganda, nina duka karibu na mto Nyamwamba. Kwa mkutano wa kijiji tumeambiwa distrikti na munisipo wanataka kuchanga pesa wafanye utafiti wa bonde lote la mto kabla ya kujenga kitu chochote. Sisi tunaona hiyo ni pesa ya kukula tu. Maji yanaingia ndani ya nyumba halafu mtu anakuja na karatasi? Si waweke gabioni, zile nyavu za waya zilizojazwa mawe, tuendelee na maisha? – Mama Duka

JIBU: Mama, hasira yako ni ya haki kabisa, lakini mimi hapa nasimama na utafiti, na nakuambia kwa nini. Angalia yale mafuriko ya Mei 1, 2013. Mwaka mmoja nyuma, Februari 2012, moto uliunguza huko juu milima ya Rwenzori, kwenye bonde la huo huo Nyamwamba, udongo ukabaki bila kitu cha kuushika, kukawa na maporomoko, na mvua kubwa ilipopiga, mto ukashuka na mawe na magogo kupitia Kilembe mpaka mjini. Hayo yalijulikana kwa sababu watafiti walifuatilia mpaka juu, ukisimama kwenye daraja la mjini huwezi kuyaona. Halafu mawe yakishajaa mtoni kina kinapungua, kwa hiyo ukuta uliojenga mwaka jana ukawa mrefu, mwaka huu maji yanauruka. Mei 2020 mto ukarudi tena, hospitali ya Kilembe ikaharibika vibaya na watu wakaenda kukaa kambi ya Muhokya.

Tena mto huo una wenyewe wengi. Juu ni hifadhi ya taifa, katikati kuna mgodi wa zamani wa shaba, halafu mji, halafu mashamba mpaka Ziwa George. Munisipo haiwezi kupanda miti ndani ya hifadhi, na pesa nyingi za distrikti zinatoka Kampala zikiwa tayari na kazi yake, hii ya shule, hii ya dawa, hii ya barabara, huwezi kuzigeuza. Ndiyo maana wanachanga, kila mmoja aweke kidogo, halafu waende pamoja kwa ofisi ya Wizara ya Maji ya kanda ya Albert huko Fort Portal na kwa wafadhili wakiwa na ombi moja.

Sasa kazi yenu nyinyi. Mwaka wa bajeti unaanza Julai 1 lakini mkutano wa bajeti wa distrikti huwa unafanyika miezi mingi kabla, kwa hiyo mbaneni kaunsela wenu, yaani diwani, mapema. Muulizeni konsalta, yule mtaalamu atakayelipwa kufanya utafiti, atapanda mpaka wapi, atafunga vipimo vya mvua wapi na nani atavisoma akishaondoka, na je, ataingia nyumbani kwenu kuona ile alama ya tope ukutani inayoonyesha maji yalifika wapi? Maana hiyo alama yako mama ni data, usiipake rangi kabla hawajaipima. Na ripoti isomwe kijijini, kila kazi iwe na bei yake. Konsalta akikataa hayo, hapo ndiyo useme pesa imekulwa.

Na kungoja utafiti hakuzuii mtu wa Kilembe kupiga simu chini mjini akiona mto umebadilika rangi na mawe yanagongana, hiyo pangeni leo na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

SWALI: Na sisi Mbale, huku mashariki, je? Baada ya yale mafuriko ya Julai 2022 kaunseli ya jiji haiwezi kufanya utafiti peke yake?

JIBU: Inaweza kuanza, lakini isiishie mpaka wa jiji. Mito ya Nabuyonga na Namatala inaanzia juu mlimani, na Namatala inaendelea mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya distrikti za Budaka na Butaleja. Mkichimba mfereji mpana mjini maji yakimbie, mnawapelekea wenzenu mafuriko. Waiteni hao wa Budaka na Butaleja mezani kabla konsalta hajasaini. Ofisi ya Wizara ya Maji ya kanda ya Kyoga iko hapo hapo Mbale, anzieni hapo.