"Umekata" ni nani, wewe au umeme?

Swali limetoka kwa fundi mmoja anayesimamia seva, raki zake (zile fremu za chuma za kupangia seva) ziko jengo jingine kabisa na umeme wa kila soketi anauwasha na kuuzima akiwa kwenye kompyuta yake. Usiku mmoja alimtumia bosi wake meseji hivi: "Soketi ya 7 umekata, nimejaribu kuzima kwa mbali imegoma." Bosi akajibu kwa ukali, "Mimi nimekata saa ngapi?" Anauliza alikosea wapi, halafu anataka kujua PDU, yani kile kifaa cha kwenye raki kinachogawa umeme kwa kila soketi, tuiite nini kwa Kiswahili maana kuiita ekstensheni anaona kama anaidharau.

Ndugu yangu, hukukosea sana, tatizo ni hiyo "u". Umeme umekata kila mtu anasema, hata mimi nasema, sitakuja hapa kujifanya mtakatifu. Ila u- ya umeme na u- ya wewe ni mapacha, sasa ukishaling'oa neno umeme kwenye sentensi kinachobaki ni "umekata" tu, na mtu aliyekurupushwa usingizini saa nane usiku lazima ajione yeye ndo mshtakiwa. Ungeandika "umeme umekatika" yangeisha hapo hapo. Hiyo -ik- kazi yake ni kusema jambo limetokea bila kumtaja wa kulitenda. (Na umeme uutaje bado, maana "umekatika" peke yake kwa binadamu ni mambo ya kiuno na muziki.)

Kwa kazi yako hizi tamati za kitenzi si urembo, ndo ripoti yenyewe. Seva imezimika, haijulikani nani wala nini. Imezimwa, yupo aliyeizima, awe mtu au ratiba uliyoipanga mwenyewe ukaisahau. Imejizima, imeamua yenyewe, kwa mfano joto limezidi ikajiokoa. Na ile "imezima" ya mtaani, kama simu imezima, tunaelewana vizuri tu tukiwa tunaongea ila kwenye ripoti inameza zote tatu na anayesoma anabaki kukisia.

Sasa hapa ndo penye uzito, kuzima na kukatia umeme. Naona watu wanavichanganya kila siku. Kuzima seva ni kuiambia ifunge programu zake, iandike data kwenye diski, ndipo ilale. Kuikatia umeme ni kuipokonya tonge mdomoni, ilichokuwa inafanya kinaishia hapo hapo na faili linaweza kuharibika. Ukiwa na kile kifaa cha kwenye raki wewe kwa kawaida unakata soketi, seva huizimi, kwa hiyo andika "nimeikatia umeme", na usiandike "nimeizimia" maana mtu akikuzimia simu hataki kuongea na wewe na akizimia mwenyewe amepoteza fahamu. Tena seva nyingi zina kebo mbili za umeme, moja inatoka upande A nyingine upande B, ukikata soketi ya upande mmoja yenyewe inaendelea kuchapa kazi kama hujaigusa, sasa wewe umeshaandika "nimezima seva 4" na seva 4 inapumua. Sema "nimekata upande A".

Kuwasha nako kuna mtego wake, maana kuwaka na kuwashwa si kitu kimoja. Soketi imewashwa, hiyo ni kazi yako. Seva imewaka, hiyo ni hiari yake. Kuna seva zimesetiwa kwamba umeme ukirudi zibaki kimya mpaka mtu aziamshe, kwa hiyo paneli, yani ule ukurasa wa kwenye kompyuta unaoamuru soketi, inaonyesha soketi iko kijani na seva ni giza tupu, na fundi anaapa "nimeiwasha". Umewasha soketi bwana! Ukitaka ile ya kukata, kusubiri sekunde kama kumi hivi kapasita (vihifadhi umeme vya ndani ya seva) ziishiwe chaji, halafu kurudisha, iite hivyo hivyo kukata na kurudisha, na "kuwasha upya" uiachie ile ya kuiambia seva yenyewe ijizime na ijiwashe. Na ukirudishia umeme raki nzima andika "kwa zamu", sio "kwa pamoja", kwa sababu kila seva ikianza inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, zikianza zote breka inaweza kujikata, ndo maana vifaa hivi vinakuruhusu upange soketi zifuatane kwa kupishana sekunde chache.

"Kwa mbali" ifute. Namsikia kwa mbali, naona taa kwa mbali, maana yake ni hafifu, kidogo kidogo, kwa hiyo "nimezima kwa mbali" kwenye sikio langu ni kama umezima nusu. Sema nikiwa mbali, kutoka mbali, au kupitia mtandao ambayo ndo sahihi zaidi kwa sababu inasema njia uliyopita. "Kwa rimoti" waachie wa televisheni.

Neno lingine la kuogopa ni swichi, ingawa hukuuliza. Swichi ni ya taa ukutani, na swichi ni ya mtandao imekaa kwenye raki hiyo hiyo, tena mara nyingi ndo hiyo inayokuunganisha wewe na kifaa cha kugawa umeme. Mtu akisoma "zima swichi" akaenda kukata soketi ya swichi ya mtandao, amekata tawi alilokalia, hawezi kuirudisha kwa sababu njia ya kurudishia ilikuwa ni hiyo hiyo, itabidi mtu aende kwa miguu akaibonyeze. Ukitumia amri moja ya kukata na kurudisha kifaa kinamaliza kazi chenyewe hata wewe ukiwa umeshapotea hewani, lakini bado nakusihi kwenye maandishi usiwahi kuiacha "swichi" peke yake, iandike "swichi ya mtandao" kila mara hata kama mkono unauma.

Haya, jina. Ekstensheni si tusi, kwa sura ni ndugu moja, safu ya soketi kwenye bomba la chuma. Ila hiki kina akili, kinasikiliza amri, kinapima ampea zinazopita, na kinajua soketi yake ya aina ya C13 ni ya ampea 10 na ile kubwa ya C19 ni ya 16. Mimi ningeenda na kigawa-umeme, wingi vigawa-umeme, mtindo ule ule wa kipaza-sauti, kinasa-sauti na kizima-moto, yani ki-, kitenzi, halafu kinachotendwa. Wakikucheka ofisini endelea na PDU, hakuna atakayekufunga.

Na saa pia uziangalie, paneli imeandika 02:14 wewe unamwambia bosi saa 8 na dakika 14, akifungua logi (kumbukumbu za kifaa) kuitafuta saa 8 anakuta asubuhi kila mtu anakunywa chai. Kwenye ripoti nakili saa ya paneli kama ilivyo.

Meseji yako ingekuwa hivi: "Umeme umekatika soketi ya 7 saa 02:14 ya paneli. Sikuwa nimeigusa. Baadaye nimejaribu kukata na kurudisha kupitia mtandao, soketi imewashwa ila seva haijawaka."