Ndoo tano kwa siku: maswali yenu ya bustani ya kiangazi

Maswali ya safari hii yote yametoka mkoa wa Tabora. Naanza na lile lililoulizwa na wengi, kila mmoja kwa namna yake.

Kisima chetu kikipungua mwezi wa nane, nabakiwa na ndoo tano za ziada kwa siku. Nilime mboga eneo gani? (Mama, Isevya)

Ndoo tano za lita 20 ni lita 100. Septemba na Oktoba, jua linapochoma kweli, mita moja ya mraba ya mchicha au sukuma wiki huhitaji kama lita tano kwa siku. Hiyo ni mita 20 za mraba. Mimi ningelima 15, maana kuna siku kamba ya kisima itakatika, na kuna siku wageni watataka kuoga.

Wengi wetu tunafanya kinyume, mama. Tunalima kwanza, halafu tunagawa maji kidogo kidogo ili kila mche uonje. Maji ya kuonja hulowesha udongo wa juu tu, mizizi nayo hubaki huko huko juu, na jua la saa saba linaikuta hapo. Mboga zikishashika, mwagilia mpaka maji yazame, kisha ruka siku moja. Miche michanga pekee ndiyo ya kila siku. Na iwe jioni au alfajiri.

Kichanga chetu hakishiki maji, kwa hiyo changanya samadi iliyooza vizuri, nusu debe hadi debe zima kwa kila mita ya mraba. Chagua pia cha kupanda: kabichi mwezi Septemba ni kujitafutia presha, lakini kisamvu, matembele, kunde na bamia huvumilia. Ukiwa na mtungi wa udongo wa zamani usiopakwa rangi, ufukie mpaka shingoni katikati ya mimea, ujaze maji na uufunike mbu wasizaliane humo. Maji yatapenya ukutani taratibu kadiri udongo wa nje unavyokauka.

Nimeinua matuta kama nilivyofundishwa, mbona mboga zinakauka haraka? (Kijana, Nzega)

Tuta la kuinuka kazi yake ni kuondoa maji, na wewe sasa huna ya kuondoa. Chimbia kitanda chini kiasi cha kiganja na uweke kingo pembeni. Nzega hamhitaji kufundishwa hilo: ni jaruba la mpunga, ila dogo. Mvua zikishika, inua tena.

Nikitandaza nyasi, mchwa wanajaa. Nisitandaze? (Uyui)

Tandaza. Udongo ulio wazi hupoteza maji mengi kwa jua na upepo. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina, na nyasi ziwe nyepesi, uongeze kila zinapopungua. Mchwa akipata kikavu cha kula, mara nyingi hauhangaikii mche mbichi. Kama kuna mashine ya kukoboa jirani, omba maganda ya mpunga. Hayo mchwa hayapendi sana.

Shamba la tumbaku la baba nimeligeuza bustani ya nyanya. Zinanyauka mchana, jioni zinaamka. Nimwagilie zaidi? Jirani anasema pia ninyunyize maji ya tumbaku. (Urambo)

Usiongeze maji kabla ya kung'oa mche mmoja na kutazama mizizi. Ukikuta vinundu kama shanga, hao ni minyoo fundo. Wanapenda kichanga, na tumbaku huwalisha vizuri sana. Mzizi wenye vinundu haunyonyi maji hata ukiumwagia kisima kizima, ndiyo maana unaona ukame mahali palipo na maji. Nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili na mnafu ni ukoo mmoja na tumbaku; usizirudishe hapo kwa misimu kadhaa. Hata bamia, ingawa si ya ukoo huo, minyoo hao huishambulia vibaya. Panda karanga, au marejea (mmea wa mbolea ya kijani) kisha uifukie, na uongeze samadi.

Kama mche umenyauka ukiwa bado kijani na jioni hauamki, kata shina na ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama moshi unashuka, ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa, choma, na usipeleke udongo wa hapo kitanda kingine kwa jembe.

Kuhusu maji ya tumbaku, jirani yako anakutakia mema, lakini nikotini ni sumu na hupenya hata kwenye ngozi. Isitoshe, yanaweza kuletea nyanya virusi vya batobato. Mvuta sigara pia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche, najua hilo litaleta ugomvi.

Nyanya zinaoza kitako, doa jeusi. Dawa gani? (Sikonge)

Hakuna, weka pesa yako. Tunda limekosa kalsiamu kwa sababu maji yalikuja kwa kushtukiza: wiki kavu, kisha mafuriko. Ondoa yaliyooza, tandaza nyasi, mwagilia kwa ratiba.

Mvua ya kwanza ikinyesha Novemba, nihamishe miche siku hiyo hiyo? (Kaliua)

Mvua moja isikutoe kitaluni. Mara nyingi inafuatwa na wiki mbili au zaidi za ukavu. Chimba: unyevu ukifika kina cha jembe, hamisha nusu ya miche, nusu nyingine ibaki kitaluni. Sikiliza pia utabiri wa mvua za Msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), ambao hutolewa kabla ya Novemba. Unaeleza mwanzo wa mvua na vipindi vya ukavu katikati.

Februari majani ya kunde yananishinda, Oktoba sina hata la kuonja. (Igunga)

Basi dawa unayo kwenu: nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Chuma majani kabla hayajakomaa, yachemshe kidogo, yachuje, kisha yaanike penye kivuli na upepo. Yakivunjika mkononi, yatie kwenye chombo kinachofunga. Yakikunjika tu, bado.